Filamu Moja, Miaka Mitatu: Mvutano Kuhusu Kutoka kwa Filamu za Katuni za Kijapani

Waulize wapenzi watatu wa anime filamu ya Nausicaä ya Hayao Miyazaki ilitoka mwaka gani. Wa kwanza atasema 1984, wa pili 1985, wa tatu 2005, na kila mmoja atakuwa na ushahidi mkononi. Filamu hiyo ilianza kuonyeshwa kwenye sinema za Japani tarehe 11 Machi 1984. Mwaka uliofuata ikatolewa Marekani ikiwa imekatwakatwa na kupewa jina jingine, Warriors of the Wind. Februari 2005 ndipo Disney ilipotoa DVD yenye sauti za Kiingereza na filamu nzima ndani yake. Ongeza hapo kwamba wengi huihesabu kuwa kazi ya Studio Ghibli, ilhali Ghibli ilianzishwa Juni 1985, zaidi ya mwaka mmoja baada ya filamu kutoka. Si ajabu mabishano hayaishi.

Nausicaä haiko peke yake. Spirited Away ilitoka Japani Julai 2001, ikatwaa Dubu wa Dhahabu huko Berlin Februari 2002, ikafika sinema za Marekani Septemba 2002, ikapata Oscar Machi 2003, na haikuingia sinema za China hadi Juni 2019. Perfect Blue ya Satoshi Kon ilionyeshwa kwanza Montreal, Kanada, kwenye tamasha la Fantasia la Agosti 1997; Wajapani wenyewe waliingojea kwenye kumbi zao hadi Februari 1998. Anayesema ni filamu ya 1997 na anayesema ni ya 1998 wote wanasoma kumbukumbu halali.

Chini ya ubishi huu wa tarehe limelala swali zito zaidi. Filamu inapovuka bahari, ni nani mwenye haki ya kuamua ifike lini, na ifike ikiwa na umbo gani? Kwa zaidi ya miaka 60 swali hilo limejibiwa kwa njia tatu: ikate ili iuzike upesi, usiiguse hata kama itachelewa, itoe dunia nzima karibu kwa wakati mmoja. Njia zote tatu zimekwishajaribiwa kwa fedha nyingi na kwa miaka mingi, kwa hiyo tunaweza kuzipima kwa matokeo yake badala ya kuzipima kwa mapenzi.

Usuli: safari ilivyoanza

Filamu ndefu ya kwanza ya katuni nchini Japani, Momotarō: Umi no Shinpei, ilitoka Aprili 1945. Iliongozwa na Mitsuyo Seo kwa fedha za jeshi la majini, ikiwa na urefu wa dakika 74. Vita vilikuwa ukingoni, miji ilikuwa inachomwa kwa mabomu, na watoto wengi waliokusudiwa kuitazama walikuwa wamehamishiwa mashambani. Walioiona walikuwa wachache. Baadaye ilidhaniwa imepotea kabisa, mpaka ilipogunduliwa kwenye ghala la kampuni ya Shochiku mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuonyeshwa tena 1984. Kazi ya propaganda ya vita ikawa imepata watazamaji wake halisi miongo minne baadaye, na watazamaji hao walikuwa wanahistoria na wapenzi wa sanaa, si wale watoto wa 1945.

Biashara yenyewe ilianza baada ya Toei Doga kuundwa 1956. Oktoba 1958 kampuni hiyo ilitoa Hakujaden, filamu ndefu ya kwanza ya katuni ya rangi nchini humo, ambayo ilimgusa sana Miyazaki alipokuwa bado mwanafunzi wa sekondari. Mwaka 1961 Marekani ilizipokea filamu tatu za Toei kwa mkupuo: Hakujaden, Shōnen Sarutobi Sasuke iliyogeuzwa jina kuwa Magic Boy, na Saiyūki, ambayo ni hadithi ya Kichina ya mfalme wa nyani. Hii ya tatu ndiyo inayofundisha zaidi. Iliitwa Alakazam the Great, ikatungiwa muziki mpya na Les Baxter, na mwimbaji Frankie Avalon akaajiriwa kumwimbia nyani. Wasambazaji waliona wamenunua picha zinazosogea, zilizobaki ni zao kuzipanga upya watakavyo.

Miaka ya 1970 na 1980 iliongeza utata wa aina nyingine. Mwaka 1977 Space Battleship Yamato iliingia sinema ikiwa imeshonwa kutokana na vipindi vya televisheni, na watu wakapanga foleni. Gundam ikafanya vivyo hivyo kwa filamu tatu za 1981 na 1982. Desemba 1983 Dallos, kazi ya Mamoru Oshii, ikafungua mlango wa katuni zinazouzwa moja kwa moja kwenye kanda za video bila kupita sinema wala televisheni. Kuanzia hapo swali la mwaka wa kutoka likaambatana na jingine: hiki tulichonacho ni filamu, ni muhtasari wa tamthilia, au ni video?

Kwa nini tarehe hazilingani

Watu wengi hudhani ucheleweshaji husababishwa na tafsiri. Tafsiri huchukua muda, lakini ni miezi, si miongo. Sababu kubwa ziko kwenye haki.

Filamu nyingi za katuni za Kijapani za leo hugharamiwa na kamati ya utayarishaji. Ndani ya kamati hukaa mchapishaji wa manga, kituo cha televisheni, kampuni ya matangazo, kampuni ya muziki, mtengeneza vitu vya kuchezea na msambazaji wa sinema. Kila mmoja huweka fedha na kila mmoja hupewa fungu la haki: huyu video, yule muziki, mwingine mauzo ya nje. Mpango huu una busara yake, kwa maana filamu ikianguka hasara hugawanywa na hakuna anayefilisika. Gharama yake huonekana mnunuzi wa nje anapobisha hodi, kwa kuwa analazimika kukubaliana na watu wenye maslahi yanayopishana, na mmoja akigoma shughuli yote husimama.

Tazama tarehe 16 Aprili 1988. Siku hiyo Ghibli ilitoa filamu mbili kwa tiketi moja, Tonari no Totoro ya Miyazaki na Hotaru no Haka ya Isao Takahata. Zilitoka studio moja, saa ileile, kwenye kumbi zilezile. Lakini Totoro ilikuwa chini ya mchapishaji Tokuma Shoten, na Hotaru no Haka ikagharamiwa na Shinchosha, wachapishaji wa kisa ilikotoka. Kwa hiyo Disney ilipofunga mkataba na Tokuma mwaka 1996, Hotaru no Haka haikuwamo. Netflix ilipoanza kuonyesha filamu 21 za Ghibli nje ya Japani, Marekani na Kanada mwaka 2020, haikuwamo tena. Mtazamaji aliyejiuliza mbona filamu hiyo haionekani kwenye orodha alikuwa anaona matokeo ya saini zilizowekwa kabla ya 1988.

Hali ya mfululizo wa katuni wa Macross ilikuwa ngumu zaidi. Filamu ya sinema ya 1984, Do You Remember Love?, ilikwama kwa miongo kadhaa nje ya Japani kwa sababu ya mgogoro wa haki kati ya kampuni za Kijapani na Harmony Gold ya Marekani. Makubaliano yalitangazwa Aprili 2021.

Siasa nayo ina sehemu yake. Korea Kusini, kutokana na machungu ya ukoloni wa Kijapani, ilizuia bidhaa za utamaduni wa Japani na kuanza kufungua hatua kwa hatua kuanzia 1998 tu. China huweka ukomo wa filamu za kigeni zinazoingia sinema, na ndiyo maana Totoro iliingia kwenye kumbi zake Desemba 2018, miaka 30 baada ya kutoka, ingawa nakala zisizo rasmi zilikuwa zimeshaonwa na watu wengi mno.

Kuna pia sababu ya bei. Diski za katuni huuzwa ghali sana Japani, na wauzaji wa huko waliogopa kwamba toleo la nje lenye bei nafuu likiwahi kutoka, Wajapani wataliagiza hilo. Ukanda wa DVD ulisaidia kuweka uzio: Japani kanda ya 2, Marekani kanda ya 1, na Afrika Mashariki kanda ya 5. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa aliyenunua DVD halali kutoka Tokyo angeweza kukuta mashine yake inaikataa. Nakala ya mtaani haikuwa na tatizo hilo.

Msimamo wa kwanza: ikate, iuzike

Wanaotetea kukata husema hivi. Mtazamaji wa nje hakuzaliwa na hadithi hizi, hana uvumilivu wa ukimya mrefu, na mara nyingi ni mtoto. Ukimlainishia, atakuja, usipomlainishia, atabaki nyumbani na filamu itakufa. Afadhali nusu iliyoonwa kuliko nzima iliyofungiwa kabatini.

Hoja hii haistahili kudharauliwa, kwa sababu ina takwimu. Pokémon ya kwanza ya sinema ilitoka Japani Julai 1998. Iliingia Marekani Novemba 1999 baada ya muziki mwingi kubadilishwa, mazungumzo kuandikwa upya na ujumbe dhidi ya kupigana kukolezwa. Ilikusanya takriban dola milioni 31 kwa wikiendi ya kwanza na kupita milioni 85 nchini humo. Siku chache tu kabla yake, mwishoni mwa Oktoba 1999, Princess Mononoke ilikuwa imetolewa Marekani ikiwa nzima, bila kukatwa, kwa Kiingereza kilichoandikwa na mwandishi mashuhuri Neil Gaiman. Ilipata takriban dola milioni 2.3. Nchini Japani Mononoke ilikuwa imevunja rekodi ya mapato mwaka 1997. Mfanyabiashara akiweka hesabu hizi mbili mezani, haoni la kujadili.

Udhaifu wa msimamo huu unaonekana vizuri ukirudi kwenye Nausicaä na kutazama ni nini hasa kilichoondolewa. Filamu kamili ina dakika zipatazo 117. Warriors of the Wind ilibakiza takriban 95. Binti mfalme akaitwa Zandra. Wadudu wakubwa waitwao Ohmu, ambao katika filamu ya Miyazaki ndio walinzi wa msitu unaoisafisha ardhi, wakaitwa Gorgons na kubaki kuwa majitu ya kuogopwa. Dakika zilizokatwa zilikuwa zimebeba fikra: sehemu zinazoeleza uhusiano wa msichana huyu na msitu tangu utotoni, na hoja kwamba sumu haikutoka kwenye mimea bali kwenye udongo uliochafuliwa na binadamu. Ukiondoa hayo, kinachosalia ni vita vya ndege na wadudu. Bango la kanda likachorwa wanaume wenye silaha ambao hawamo kabisa kwenye filamu, na shujaa mwenyewe akasukumwa nyuma.

Kwa hiyo hoja ya "afadhali nusu" inaporomoka hapa, maana mtazamaji wa 1985 hakupewa nusu ya Nausicaä. Alipewa filamu nyingine iliyotengenezwa kwa picha za Nausicaä. Na madhara hayakuishia kwake: kwa takriban miaka 20 mtu wa Marekani aliyetaka kuijua kazi hiyo kihalali kwa Kiingereza hakuwa na nakala nyingine, na jina la mwongozaji likabaki limefungamanishwa na kazi ambayo hakuitambua.

Mabadiliko madogo nayo yanaweza kugusa moyo wa hadithi. Katika Kiki's Delivery Service ya 1989, mchawi mdogo Kiki hupoteza uwezo wa kumsikia paka wake Jiji akizungumza, na mwishoni, hata baada ya kuruka tena, paka hulia kama paka. Amekua, sauti ile ya utotoni haikurudi. Toleo la Kiingereza la Disney la 1998 liliongeza muziki na vichekesho, na pale mwishoni likampa Jiji maneno, ikaonekana kana kwamba kila kitu kimerudi kama zamani. Hakuna picha hata moja iliyokatwa pale. Sekunde chache za sauti zilitosha kubadilisha filamu inayosema kwamba kukua kuna gharama ikawa filamu inayosema hakuna. Toleo la 2010 liliondoa sehemu kubwa ya nyongeza hizo, likiwamo neno hilo la mwisho.

Msimamo wa pili: isiguswe

Baada ya yaliyoipata Nausicaä, Ghibli ilikaza. Mkataba wa 1996 na Disney ulikuwa na sharti kwamba filamu hazitakatwa. Mononoke ilipofika mikononi mwa Miramax, kampuni tanzu ya Disney, na kukawa na shinikizo la kuifupisha, mtayarishaji Toshio Suzuki alimpelekea mkuu wa kampuni hiyo upanga wa Kijapani wenye ujumbe wa kukataza kukata. Miyazaki mwenyewe amethibitisha kwamba aliyefanya hivyo ni mtayarishaji wake. Filamu ikatoka nzima.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba umezaa imani. Mtu anayetazama toleo la Ghibli lenye lugha yoyote ana hakika kwamba picha anazoziona ndizo zilizoonwa Tokyo. Imani hiyo ndiyo iliyoifikisha Spirited Away kwenye Oscar: majaji waliipigia kura filamu kamili, yenye mila za bafu la miungu ambazo hakuna aliyewaelezea, na haikuwazuia kuielewa.

Lakini wanaoutetea msimamo huu kwa shauku husahau kutaja Omohide Poro Poro. Filamu hii ya Takahata ilitoka Japani Julai 1991. Inamfuata mwanamke wa miaka 27 anayekwenda shamba huku akikumbuka darasa la tano, na katika kumbukumbu hizo wamo wasichana wanaozungumza kuhusu hedhi na wavulana wanaowadhihaki. Disney ilikuwa na haki zake. Kwa kuwa sharti lilikataza kukata, na kwa kuwa mambo ya hedhi yalionekana hayafai chini ya jina la Disney, filamu iliwekwa pembeni. Toleo la Kiingereza liliingia sinema za Marekani mwaka 2016 kupitia GKIDS, kampuni ndogo iliyoanzishwa 2008. Ilikuwa imepita miaka 25. Msichana aliyekuwa na umri wa darasa la tano 1991, ambaye labda ndiye aliyeihitaji kuliko wote, alikuwa mtu mzima wa miaka 36.

Watetezi wa kukata huutumia mfano huu kama ushahidi wao: mmeona, ukikataa kukata unafungiwa. Nadhani wanakosea sababu. Kilichoifungia filamu ile ni haki iliyouzwa bila wajibu. Mkataba ulimkataza mnunuzi kuharibu, wala haukumlazimisha kutoa. Aliyenunua aliruhusiwa kukalia alichonunua kwa muda wote wa mkataba, na hakuna mwingine aliyeweza kukigusa. GKIDS ilipoipata haki hiyo iliitoa nzima, hedhi ikiwamo, na hakuna ukumbi uliofungwa kwa sababu yake. Uzima wa filamu na uharaka wake havikuwa maadui. Viligombanishwa na karatasi.

Waliojaza pengo

Kati ya filamu zilizokatwa na zilizofungiwa, watazamaji walijitafutia njia. Kuanzia miaka ya 1980, na kwa nguvu zaidi miaka ya 1990, mashabiki wa Marekani na Ulaya walinakili kanda, wakaandika tafsiri chini ya picha wenyewe na kupelekeana kwa posta. Baadaye intaneti ikarahisisha. Kisheria ulikuwa uharamia. Hata hivyo walitunza filamu nzima pale wenye haki walipoiharibu, na wakajenga soko ambalo wenye haki wamekuja kulivuna. Gharama ilibebwa na wachoraji, ambao kazi yao ilienea duniani bila wao wala studio zao kupata chochote, katika tasnia ambayo malipo ya wachoraji wa ngazi ya chini tayari ni duni. Ubaya huo haufutwi na uzuri wa nia.

Afrika Mashariki ilikuwa na njia yake. Katika mabanda ya video ya Tanzania, Kenya na Uganda, filamu za kigeni zilipata wasimulizi, watu kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, waliokuwa wakiweka sauti yao juu ya sauti ya filamu, wakifafanua, wakiongeza chumvi na kuwapa wahusika majina ya mtaani. Kwa vigezo vya Suzuki na upanga wake, hiyo ni kugusa kazi ya mtu. Lakini watu walijaa, na msimulizi hakujificha nyuma ya mwongozaji: kila mtu kwenye benchi alijua anayezungumza ni Lufufu. Warriors of the Wind ilificha mkono uliokata. Kwangu hii ndiyo tofauti inayotenganisha ufafanuzi na udanganyifu, nayo ina uzito kuliko wingi wa mabadiliko yenyewe.

Msimamo wa tatu: dunia nzima kwa pamoja

Jaribio la mapema lilikuwa Ghost in the Shell ya Oshii. Manga Entertainment ya Uingereza ilichangia fedha tangu mwanzo, kwa hiyo filamu ilitoka Japani Novemba 1995, ikafika Uingereza mwezi uliofuata na Marekani Machi 1996. Kwa wakati ule ilikuwa kasi ya kushangaza, na ilithibitisha kwamba mnunuzi wa nje akiketi mezani wakati filamu inatungwa, hana haja ya kuingoja miaka.

Majukwaa ya mtandaoni yameifanya kasi hiyo kuwa kawaida. Filamu ya mwisho ya Evangelion iliyotengenezwa upya, baada ya kuahirishwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya janga la korona, ilitoka Japani tarehe 8 Machi 2021 na tarehe 13 Agosti 2021 ikawa kwenye Prime Video katika nchi na maeneo zaidi ya 240. Filamu 21 za Ghibli za Netflix zilifika Afrika mwaka 2020 kwa mafungu matatu, Februari, Machi na Aprili. Kwa mara ya kwanza mtu wa Nairobi au Lubumbashi alizitazama kihalali karibu zote kwa malipo ya mwezi, kabla hata Mmarekani hajafunguliwa mlango huo na HBO Max mwezi Mei.

Ushindi mkubwa wa msimamo huu ulikuja Septemba 2025. Demon Slayer: Infinity Castle, iliyotoka Japani tarehe 18 Julai mwaka huo, iliingia Marekani tarehe 12 Septemba bila kulainishwa na kukusanya takriban dola milioni 70 wikiendi ya kwanza. Rekodi iliyovunjwa ni ya Pokémon ile ya 1999. Kwa miaka 26 filamu iliyobadilishwa ndiyo iliyokuwa shahidi mkuu wa wanaosema watazamaji hawataki kitu kizima, na shahidi huyo sasa amekwisha nguvu.

Kasi hii nayo ina kasoro. Ya kwanza ni udumifu. Kanda mbovu ya 1985 ilibaki nyumbani kwa mwenyewe. Filamu ya jukwaani huondoka mkataba ukiisha, na aliyeilipia hana anachobaki nacho. Ya pili ni kwamba filamu zinazosafiri kasi zaidi ni zile zilizofungwa na tamthilia ndefu. Demon Slayer: Mugen Train ya Oktoba 2020, iliyopita Spirited Away na kuvuka yeni bilioni 40 Japani, ni sura ya katikati ya hadithi, na mwaka uliofuata ilikatwa tena kuwa vipindi saba vya televisheni, kimoja kikiwa kipya. Mgeni aliyeingia ukumbini bila kuona msimu wa kwanza alipotea. Filamu inayosimama peke yake, kama zile za Kon, hainufaiki na wimbi hilo kwa kiwango kilekile. Ya tatu ni ya lugha. Kufika mahali si kueleweka mahali hapo, na filamu iliyofika Afrika Mashariki kwa Kiingereza na Kijapani bado haijamfikia mtoto wa darasa la pili wa Tabora.

Mwongozaji akibadilisha mwenyewe

Mjadala huu huchukulia kwamba mbaya ni mgeni na mwema ni msanii. Mwaka 2008 Oshii aliitoa upya Ghost in the Shell kama toleo la 2.0, akabadilisha baadhi ya picha za mkono kwa picha za kompyuta, akageuza rangi na kurekodi sauti upya. Evangelion mpya ina namba kama za programu za kompyuta: 1.0 ya sinema mwaka 2007 ikafuatwa na 1.11 ya diski, 2.0 na 2.22, 3.0 na 3.33. Mwenye kazi ana haki ya kuirekebisha, lakini haki hiyo haifuti walichokiona watazamaji wa kwanza. Toleo la 1995 la Oshii linastahili kulindwa hata dhidi ya Oshii.

Kuzipima

Kuhusu tarehe, napendekeza kanuni isiyo na mzunguko. Mwaka wa filamu uwe ule ilipoonyeshwa kamili kwa umma kwa mara ya kwanza, popote pale duniani. Kwa kanuni hiyo Nausicaä ni ya 1984, Spirited Away ni ya 2001, Momotarō ni ya 1945, na Perfect Blue ni ya 1997, ingawa ilianzia Kanada. Baadhi ya Wajapani watasema kazi ya Kijapani ihesabiwe kwao, na naielewa hoja hiyo; ila tamasha la Montreal lilikuwa na umma halisi ulioketi na kutazama filamu nzima, na utaifa wa ukumbi hauondoi ukweli huo. Matoleo mengine yote yatajwe kwa miaka yao na kwa majina yao: Warriors of the Wind, 1985, iliyokatwa; Kiki ya Kiingereza, 1998, iliyoongezwa sauti. Anayesema ameiona Nausicaä aulizwe ameona ipi, kwa sababu jibu linabadilisha alichokiona.

Kuhusu umbo, ushahidi umeuelemea uzima. Kukata kulileta fedha za haraka kwa Pokémon, ambayo tayari ilikuwa na umaarufu wa michezo na kadi, na kwa Nausicaä kulizika kazi kubwa kwa miongo miwili. Sina hakika hata kwamba ni kukata kulikoifanikisha Pokémon. Watoto wa 1999 wangejaa hata kwa toleo la Kijapani lililotafsiriwa kwa uaminifu.

Kuhusu muda, adui ni haki inayolala. Mwenye studio akilinda picha zake na kusahau kuweka ukomo wa kungoja, amefanya nusu ya kazi. Hili linatuhusu moja kwa moja. Filamu hizi zikija kuingizwa sauti za Kiswahili kwa mapana, na watazamaji wapo kuanzia Zanzibar hadi Goma, mkataba uwe na vifungu vitatu vinavyosomeka: picha na muziki visiguswe, tafsiri itaje ni ya nani na ya mwaka gani, na pale mtafsiri alipoongeza neno ijulikane, na mnunuzi asipoitoa filamu ndani ya muda uliowekwa, tuseme miaka miwili, haki ya lugha hiyo imrudie mwenye filamu ili ampe mwingine. Nusu ya kifungu cha kwanza, ile ya picha, Ghibli iliipata 1996. Kifungu cha tatu kingeifikisha Omohide Poro Poro kwa wasichana wa Marekani kabla hawajamaliza shule.